Asiyeijibu Samansi Amekwisha Kuijibu

Yako maneno machache katika Kiswahili yamtiayo mtu tumbojoto upesi kuliko neno "umeshtakiwa". Likitamkwa tu, aliyekuwa akinywa chai yake kwa utulivu hukiweka kikombe chini. Mke huanza kuuliza ni nani atakayemdhamini mumewe, jamaa huitana, na watoto huhofu kwamba baba atalala rumande. Lakini aghalabu karatasi iliyoletwa nyumbani haina rumande, haina polisi wala pingu. Ina swali tu, na swali hilo linangoja jibu.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mambo ya sheria huyatazama kwa jicho la mtu anayeshughulika na maneno. Hata hivyo, kadiri ninavyoyatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wengi miongoni mwetu hushindwa katika kesi za madai si kwa kuwa hawakuwa na haki, bali kwa kuwa hawakufahamu walichoulizwa, au walifahamu wakadhani kunyamaza ni jibu tosha.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "shtaki" tulikipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kulalamika. Katika mazungumzo yetu ya kila siku kitenzi hiki kimetwishwa mizigo miwili isiyofanana. Mwizi wa ng'ombe tunasema ameshtakiwa. Na mpangaji aliyekosana na mwenye nyumba kwa ajili ya kodi, naye tunasema ameshtakiwa. Sheria huitenga mizigo hiyo. Katika kesi ya jinai, dola ndiyo inayomshtaki mtu, na mwisho wake waweza kuwa kifungo au faini. Katika kesi ya madai, mtu binafsi, kampuni au chama cha ushirika hudai kitu kutoka kwa mwingine: fedha, shamba, au fidia ya madhara. Anayedai ni mdai, naye anayedaiwa ni mdaiwa. Hata sisi tunaoandika magazetini huwachanganya watu hawa wawili, tukamwita kila mmoja wao mshtakiwa.

Mkorogo huo wa istilahi una madhara yake. Yuko anayeipokea samansi ya madai akadhani polisi wako njiani. Naye hufunga virago akaenda kujificha kwa shemeji yake. Yuko mwingine anayeambiwa kwamba hiyo si jinai, basi akajipiga kifua na kusema, "Hawawezi kunifunga!" Karatasi akaitupa nyuma ya kabati. Wa kwanza amekimbia kwa woga, wa pili amekaa kwa kiburi, lakini mbele ya mahakama wote wawili wamefanya jambo lile lile. Wamenyamaza.

Ni kweli kwamba sheria yetu ina kifungo cha madai kwa mtu aliyekwisha kuamriwa alipe naye akakaidi. Hata hivyo, kifungu cha 38 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai hakiruhusu mtu afungwe kwa sababu ya umaskini wake tu. Mahakama hupaswa kwanza kumpa nafasi ya kujieleza, na kuridhika, mathalan, kwamba anao uwezo wa kulipa lakini hataki, au kwamba ameihamisha mali yake kwa hila. Basi hofu ya gereza isiwe ndiyo inayomwongoza mdaiwa siku anapoipokea karatasi. Hofu inayostahili ni ile ya kupitwa na siku.

Hapana budi tukiri kwamba kimya kina heshima kubwa katika utamaduni wetu. Mtoto akikaripiwa na mzazi hunyamaza, na kunyamaza huko ni adabu. Mzee akitukanwa na mlevi njiani hupita zake, na kupita huko ni hekima. Katika mazungumzo ya kawaida kimya chaweza kuwa na maana kumi: staha, hasira, huzuni, dharau, kukubali, hata kukataa. Msikilizaji huitambua maana iliyokusudiwa kwa kuutazama uso wa mwenziwe na kwa kuijua tabia yake. Mahakama haina uso wa kuutazama. Ina faili. Kanuni zake zimekwisha kukifasiri kimya hata kabla hujanyamaza, na fasiri yao ni moja tu. Wahenga waliposema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, walikuwa kana kwamba wanazisoma Kanuni za Taratibu za Kesi za Madai za mwaka 2010.

Hebu tuitazame fasiri hiyo kwa karibu. Ikiwa mdai anadai kiasi kinachojulikana, tuseme deni la shilingi 150,000, na mdaiwa asijibu katika muda uliowekwa, mdai anaweza kuomba hukumu naye akaipata bila ya shahidi hata mmoja kusimama kizimbani. Ikiwa anadai fidia ambayo kiasi chake hakijajulikana, kama vile fidia ya kuumia katika ajali ya barabarani, kimya cha mdaiwa humfanya ahesabiwe kuwa na lawama. Kinachobaki ni kupima alipe kiasi gani. Juu ya hayo huongezwa riba na gharama za kesi, kwa kuwa desturi ya mahakama ni kwamba gharama humfuata aliyeshindwa.

Sasa karatasi yenyewe humfikiaje mtu? Kwa kawaida huletwa na mtu aliyeidhinishwa na mahakama kupeleka hati. Huleta samansi pamoja na hati ya madai, na humwomba mdaiwa atie sahihi kuwa amepokea. Wako wanaodhani kwamba wakikataa kutia sahihi, kesi imekufa. Haifi. Mpeleka hati huapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba alifika siku fulani, saa fulani, akampata mtu fulani naye akakataa kutia sahihi, na kiapo hicho huingia katika faili. Mdaiwa asipopatikana baada ya kutafutwa inavyostahili, karatasi yaweza kuachiwa mtu mzima wa jamaa yake anayeishi naye, au kubandikwa mlangoni mwake. Mahakama yaweza hata kuruhusu tangazo litolewe gazetini. Na tangu kanuni ziliporekebishwa mwaka 2020, samansi yaweza kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe za simu ya mkononi. Kwa hiyo aliyezoea kufuta kila ujumbe asiomjua mwenyewe sharti aanze kuusoma kwanza.

Jambo la kwanza la kufanya, basi, ni kuipokea karatasi na kuandika juu yake tarehe na saa uliyoipokea. Tarehe hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu. La pili ni kuisoma yote, au kusomewa yote na mtu unayemwamini. Nasema yote, kwa kuwa kuna wasomaji wanaoitupia karatasi jicho moja kisha wakakupa rai yao badala ya yaliyoandikwa. Mdaiwa anahitaji kujua ni nani anayedai, anadai nini, kwa sababu gani, katika mahakama ipi, na siku ni ngapi.

Hapo ndipo tunapokutana na kitenzi kingine chenye mtego. Samansi humwamuru mdaiwa "afike" mbele ya mahakama katika muda wa siku zilizotajwa. Mswahili akisoma "ufike" huelewa miguu. Huvaa koti lake, hupanda matatu mapema, huketi katika ukumbi wa mahakama tangu asubuhi hadi adhuhuri, hasikii jina lake likiitwa, kisha hurudi nyumbani akijisifu kwamba ametii. Kumbe kufika kunakotakiwa hapo hakuna miguu. Ni karatasi fupi inayopelekwa katika masjala ya mahakama ikisema kwamba mimi fulani nimeipata samansi, nipo, nakusudia kujitetea, na anwani yangu ni hii. Asiyeipeleka karatasi hiyo, hata angelala katika ngazi za mahakama, kwa lugha ya sheria hajafika.

Muda wa kufika huandikwa katika samansi yenyewe, na kanuni hazikubali upungue siku 10. Baada ya hapo mdaiwa hupewa siku 14 kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi, na nakala ya utetezi huo sharti impelekee mdai. Wala si lazima kungoja. Hati zote mbili zaweza kupelekwa pamoja. Hulipiwa ada, na mwenye kuzipeleka ahakikishe kwamba nakala inayobaki mikononi mwake imegongwa mhuri, au kama zimewasilishwa kwa njia ya mtandao, ambayo Nairobi ilianza Julai 2020, kwamba ameihifadhi risiti. Ikiwa kesi imepelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021 ili kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mdaiwa afanye haraka zaidi, maana kesi huko hukusudiwa kumalizika katika siku 60, na kanuni zake ni mbali na hizi nizitajazo.

Yuko mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeletewa samansi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amechukua mawe, saruji na mabati ya shilingi 210,000 kwa mkopo, akalipa kidogo kidogo hadi akafikisha 150,000. Kila alipolipa alipewa risiti, na kila risiti aliitia katika kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati la jikoni. Mdai alidai shilingi 210,000 zote. Mzee aliwauliza wenzake barazani, nao wakamtuliza: "Kaa kimya, Mzee. Korti ina kesi nyingi, yako itasahaulika." Akakaa kimya. Ikaja notisi ya pili kumwarifu kwamba hukumu imekwisha kuandikwa, nayo akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Siku dalali wa mahakama alipofika na orodha iliyotaja ng'ombe wawili, viti vya sebuleni na televisheni, ndipo aliponijia na kopo mkononi.

"Mwalimu," aliniambia, "hawa watu nilikwisha kuwalipa. Hebu tazama mwenyewe."

Nilizitazama. Zilikuwa risiti halali, zilizoandikwa vizuri na kutiwa sahihi. Lakini hakimu hakuwa amemwonea mzee huyu. Hakimu huyaona yaliyo katika faili tu, na katika faili hapakuwa na kopo.

Mzee alitafuta wakili, na ombi likapelekwa ili hukumu itenguliwe. Alikubaliwa, ila kwa masharti: aweke fedha mahakamani na amlipe mdai gharama zilizopotea kwa kuchelewa kwake. Aliuza ng'ombe mmoja ili kuyatimiza. Mwishowe risiti zilisomwa, na ikaonekana kwamba deni lake halisi lilikuwa shilingi 60,000. Kwa hiyo kopo lilishinda, lakini lilishinda baada ya ng'ombe kwenda. Lau lingefika masjala katika siku zile za mwanzo, ng'ombe angekuwa zizini.

Utetezi wenyewe huandikwaje? Hapa naomba msomaji aniruhusu niingie katika uwanja wangu kidogo, kwa sababu jambo hili ni la sarufi kabla ya kuwa la sheria. Kanuni zinasema kwamba jambo lolote lililodaiwa na mdai huhesabiwa kuwa limekubaliwa isipokuwa mdaiwa amelikanusha, na kwamba kukanusha kwa jumla hakutoshi. Anayeandika "Yote aliyosema huyu ni uongo" amepoteza wino. Hati ya madai ina aya zilizohesabiwa, na mdaiwa hupaswa kuzijibu moja baada ya nyingine: hii naikubali, hii naikana, na hii sina habari nayo, basi athibitishe mwenyewe.

Tuchukue sentensi moja: "Sikukopa shilingi 80,000 kwa jirani yangu mwezi wa Machi." Je, anayesema hivi amekana nini? Huenda hakukopa kabisa, bali alipewa zawadi. Huenda alikopa, lakini zilikuwa 30,000. Huenda alikopa 80,000, lakini kwa mtu mwingine. Huenda alikopa kwa jirani yuyo huyo, lakini ilikuwa Juni. Kiambishi cha kukanusha kimekaa mwanzoni mwa kitenzi, lakini nguvu yake yaweza kuangukia sehemu yoyote ya sentensi. Tunapozungumza, sauti hutuonyesha palipokusudiwa. Katika karatasi sauti imekufa, na hakimu hubaki akijiuliza. Utetezi mzuri hauachi nafasi hiyo. Husema waziwazi: "Nakana kwamba nilikopa shilingi 80,000. Nilikopa shilingi 30,000 tarehe fulani, nikazilipa tarehe fulani, na risiti ni hii." Ukanushi umefuatwa na maelezo, na maelezo yamefuatwa na ushahidi.

Kanuni hutaka pia utetezi uambatane na orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na nakala za hati ambazo mdaiwa atazitegemea. Basi mdaiwa akusanye mapema mikataba, risiti, barua na taarifa za benki. Ujumbe wa simu asiufute, hata ule unaomwaibisha, kwa kuwa mwenzake ana nakala. Na tangu siku hiyo achunge ulimi wake. Matusi anayomwandikia mdai usiku kwa hasira yaweza kusomwa mahakamani mchana kwa sauti ya upole.

Uko utetezi mwingine ambao watu huusahau, nao ni wa muda. Sheria ya Ukomo wa Madai haimruhusu mtu alale na madai yake milele. Dai la mkataba lina miaka 6, dai la madhara kama yale ya ajali miaka 3, dai la kukashifiwa miezi 12, na dai la ardhi miaka 12, ingawa zipo hali zinazoweza kurefusha muda huo. Lakini anayetaka kujikinga kwa ngao hiyo sharti aitaje katika utetezi wake. Asitarajie hakimu amvalishe. Vivyo hivyo, mdaiwa ambaye naye ana dai lake dhidi ya mdai anaweza kulieleza katika hati iyo hiyo, ili mambo yote mawili yaamuliwe pamoja.

Huenda msomaji akauliza: na ikiwa deni ni la kweli? Dawa ya deni ni kulipa, na mahakama haipendi mtu anayekana jambo analolijua ili apate kuchelewesha. Hata hivyo, mwenye deni la kweli naye ana sababu ya kujibu, pengine kubwa zaidi. Akijibu, anaweza kukubali sehemu iliyo ya kweli na kuikana iliyotiwa chumvi. Anaweza kuiomba mahakama imruhusu alipe kwa awamu, akieleza mapato yake na mzigo alio nao. Anaweza kupatana na mdai na maafikiano yao yakaandikwa kuwa amri ya mahakama. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho, na tangu mwaka 2016 upatanisho unaosimamiwa na mahakama umekuwa ukifanyika, kwanza Nairobi, kisha kwingineko. Wagombanao ndio wapatanao.

Tahadhari moja tu: mazungumzo hayasimamishi saa. Wako waliodanganyika kwa maneno matamu. Mdai huwaambia, "Usijali, ndugu yangu, tutaelewana," nao huacha kujibu. Kumbe wakili wake anaendelea kuhesabu siku. Zungumza naye, mnywe chai pamoja mkipenda, lakini utetezi wako uwe masjala. Mkiafikiana, na iandikwe.

Na aliyekwisha kuchelewa je? Asikate tamaa, wala asingoje tena. Hukumu iliyotolewa kwa sababu ya kimya haiwezi kutekelezwa kwa kukamata mali kabla mdaiwa hajapewa notisi ya siku zisizopungua 10. Siku hizo ni mlango wa pili, ule ambao mzee wa kopo aliukunja mara nne. Ikiwa samansi haikumfikia kabisa, hukumu hiyo ina dosari tangu mwanzo, na mahakama huiondoa bila ya kumbembeleza mtu. Ikiwa ilimfikia, mahakama hutumia busara yake: kwa nini alichelewa, ana utetezi unaostahili kusikilizwa, na mdai ataumia kiasi gani? Katika uamuzi wa mwaka 1967 wa kesi ya Shah dhidi ya Mbogo, ambao mahakama zetu zimeutaja mara nyingi, ilielezwa kwamba busara hiyo ipo ili kumwokoa aliyepatwa na ajali au kosa linalosameheka, wala haipo kwa ajili ya mtu anayekusudia kuizuia au kuichelewesha haki. Na hata dalali akifika, yako mambo ambayo sheria haimruhusu ayaguse: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana ambazo mtu huzitumia kujipatia riziki.

Siwezi kuliacha jambo hili bila ya kuigusa lugha yenyewe. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai kiliiweka lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kuwa Kiingereza, na ya mahakama za chini kuwa Kiingereza au Kiswahili; lakini kikaongeza kwamba ushahidi uandikwe kwa Kiingereza, na maombi ya maandishi yawe kwa Kiingereza. Basi mwananchi anaweza kujitetea kwa Kiswahili kwa mdomo, lakini karatasi inayomwita humjia kwa lugha ambayo pengine haisomi. Haya yanaendelea ilhali kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi tunaweza kuanza kwa hatua ndogo kuliko hiyo, isiyohitaji fedha nyingi.

Napendekeza kwamba nyuma ya kila samansi pachapishwe maneno haya kwa Kiswahili: "Umedaiwa. Hii si kesi ya jinai. Unatakiwa ujibu kwa maandishi katika masjala ya mahakama hii kabla ya tarehe iliyotajwa. Usipojibu, mahakama yaweza kumpa mdai anachodai bila ya kukusikiliza." Sentensi nne tu. Mzee yule angezisoma mwenyewe, naye asingehitaji kuuliza barazani.

Hadi siku hiyo itakapofika, mdaiwa asione haya kutafuta msaada. Anayeweza kumlipa wakili na amwendee mapema, akiwa na karatasi zote, naye ahakikishe kwamba ni wakili mwenye leseni ya mwaka huo, kwa maana matapeli wavaao tai hawakosekani katika malango ya mahakama. Asiyeweza kulipa na aende Kituo cha Sheria, ambacho kimewasaidia wanyonge tangu mwaka 1973, au aulize habari za Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Na anayeamua kujitetea mwenyewe ana haki hiyo. Makarani wa masjala watamwonyesha dirisha la kupelekea hati, ingawa si kazi yao kumshauri aandike nini.

Mahakama, hakimu, hukumu na hekima ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Lakini hekima ya hakimu, hata iwe pana namna gani, haiwezi kulipima neno ambalo halikusemwa wala kuisoma risiti iliyobaki jikoni. Karatasi ikikujia, ipokee, isome, hesabu siku zako, na ujibu. Ukinyamaza, mwenzako atakuwa ameulizwa na kujibu kwa niaba ya nyote wawili.